Maswali ya Wasomaji: Kwa Nini Tovuti Yangu Haisemi?

SWALI: Ndugu Mshauri, nina karakana ya samani Keko, Dar es Salaam. Nilimlipa kijana anitengenezee tovuti, na nikamwomba aweke sauti yangu ya kuwakaribisha wateja, ianze yenyewe mara ukurasa unapofunguka. Kwenye kompyuta yangu inasikika vizuri, lakini kila mteja ninayemuuliza ananiambia hakusikia chochote. Kijana anasema tatizo liko kwenye simu zao. Je, ananidanganya? Nimekuambatanishia rekodi yenyewe uisikilize.

JIBU: Hakudanganyi, ila hajakumalizia maelezo. Vivinjari vikubwa, yaani programu za kufungulia tovuti, vilikwisha kupiga marufuku sauti zinazojianzisha zenyewe: Safari, kivinjari cha kompyuta za Apple, ilianza kuzizuia mwaka 2017, Chrome ikafuata Aprili 2018, na Firefox Machi 2019. Tangu hapo, ukurasa unaotaka kutoa sauti hulazimika kumsubiri mgeni aguse kitu kwanza. Kama unatumia Chrome, huenda kompyuta yako inasema kwa sababu kivinjari hicho, kwenye kompyuta, huweka kumbukumbu ya tovuti ambazo mwenye mashine amezoea kusikiliza sauti humo, na zile zilizozoeleka huachiwa zianze bila kuulizwa. Wewe umeusikiliza ukurasa wako mara nyingi kuliko binadamu mwingine yeyote, kwa hiyo kivinjari kimekuhesabu kuwa mpenzi wake.

Zipo mbinu za kulikwepa katazo hili, kwa mfano kuifanya sauti ilipuke pale mgeni anapogusa mahali popote kwenye ukurasa. Ninakuomba usizitumie. Mteja wako yumo ndani ya daladala la Mbagala, au yuko kwenye foleni ya benki, au amelala kando ya mtoto aliyechukua saa nzima kubembelezwa. Sauti yako ikimzukia hapo atafunga ukurasa kabla hujataja bei ya kitanda kimoja. Kwa mteja asiyeona, ambaye husomewa ukurasa na programu ya simu yake, karibisho lako huwa ni mtu wa pili anayezungumza juu ya maneno ya wa kwanza. Ndiyo maana miongozo ya kimataifa ya tovuti, tangu mwaka 2008, inataka sauti yoyote inayojianzisha na kuzidi sekunde 3 iwe na njia ya kuisimamisha au kuipunguza.

Sasa nije kwenye rekodi yako, kwa sababu nadhani kazi kubwa zaidi iko huko. Ina dakika mbili na nusu, na karibu dakika nzima ya mwanzo ni wimbo wa watu, ambao una haki za wenyewe, uutoe. Baada ya wimbo unatukaribisha, unataja mwaka ulioanza kazi, unatoa namba ya simu ambayo tayari imeandikwa juu ya ukurasa. Halafu, kuelekea mwisho, kana kwamba umesahau kuwa unarekodiwa, unaeleza jinsi unavyougonga ubao wa mninga kwa kifundo cha kidole: uliokauka unaitika kwa mlio mkali, na ulio mbichi unatoa mlio mzito uliozibwa. Hapo nilirudisha nyuma nikasikiliza tena. Picha haiwezi kumwonyesha mteja ukavu wa mbao, na kila muuzaji huandika kwamba mbao zake zimekauka, lakini mlio wa ubao wako mteja anausikia kwa masikio yake mwenyewe.

Kwa hiyo acha karibisho zima, na urekodi kipande hicho upya ukiwa na mbao mbili mbele yako, kwa sekunde 40 zisizozidi. Kiweke chini ya picha ya kitanda cha mninga, wala si juu kabisa ya ukurasa, na kitufe chake kiandikwe wazi: “Msikilize fundi akipima ukavu wa mninga, sekunde 40.” Mteja anayejua atakachosikia na muda atakaoutoa hubonyeza kwa hiari yake, na aliyebonyeza kwa hiari husikiliza.

Rekodi asubuhi mapema kabla mashine za randa za majirani hazijawashwa, na uzime feni. Huna haja ya studio: panga magodoro ya sofa pande zako tatu, ukae katikati, nayo yatameza mwangwi wa kuta. Simu iwe umbali wa shubiri moja kutoka mdomoni, pembeni kidogo, ili pumzi ya herufi “p” na “b” isiipige moja kwa moja. Ukimaliza, mwambie kijana asiweke faili la WAV, kwa sababu sekunde 40 za stirio katika ubora wa sidii ni kama MB 7, na hilo ni bando la mteja. Sauti hiyohiyo katika MP3 ya mono, kwa kilobiti 64 kwa sekunde, ni takriban KB 320, na kwa mazungumzo ya mtu mmoja inatosha. Aipange pia isianze kupakuliwa hadi kitufe kibonyezwe. Mwisho, maneno yote uliyoyasema yaandikwe chini ya kitufe, kwa ajili ya kiziwi, kwa ajili ya aliye mahali asipoweza kufungua sauti, na kwa ajili ya Google, ambayo huutambua ukurasa kwa maandishi yake.

SWALI: Mimi hupika vyakula vya harusi Mombasa. Wateja wangu hunitumia sifa kwa ujumbe wa sauti wa WhatsApp, na mmoja alilia kwa furaha. Naweza kuziweka kwenye tovuti? Nilijaribu moja, ikagoma kusikika kwenye iPhone ya dada yangu.

JIBU: Dada, sifa hizo uliletewa wewe, umma haukuletewa. Sauti ya mtu humtambulisha kama sura yake, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inataka ridhaa ya wazi kabla taarifa za mtu hazijatumiwa kibiashara, naye ana haki ya kuiondoa ridhaa hiyo baadaye. Mwandikie kila mmoja, umtajie ni ujumbe upi na utakaa wapi, na uhifadhi jibu lake la maandishi. Kisha sikiliza mpaka mwisho ukiwa na hedifoni, maana mara nyingi kuna shangazi anayeongea nyuma kuhusu mahari, naye hakukupa ruhusa yoyote. Yule aliyelia umwombe kwa upole zaidi, na akisita hata kidogo, uache. Kuhusu iPhone, WhatsApp huhifadhi sauti katika muundo wa Opus ndani ya faili la aina ya Ogg, na Safari ya iPhone nyingi za zamani haiwezi kuufungua ukiwa humo. Ugeuze kuwa MP3 na utasikika kotekote.

SWALI: Nina nyumba ya wageni Mji Mkongwe, Zanzibar. Ujumbe wa sauti nirekodi kwa Kiswahili au kwa Kiingereza?

JIBU: Vyote, kila lugha na kitufe chake, lakini usipoteze sauti kwa kusifia vyumba, picha zinatosha. Gari haliingii kwenye vichochoro vyenu, na mgeni anayeshuka boti na begi la kukokota hawezi kushika ramani kila anapokata kona. Mrekodie njia, kutoka lango la bandari hadi mlangoni pako, ukitembea mwenyewe kwa mwendo wa mtu aliyebeba mzigo: ukutani palipobandikwa nini, barazani wanapokaa wazee wa bao, mlango wenye misumari ya shaba upande wa kushoto. Igawe vipande vifupi, kimoja kwa kila kona, ili aweze kusimama na kurudia. Halafu uipite njia hiyo kila miezi michache na rekodi ikiwa sikioni, kwani duka ulilolitaja likihama, mgeni wako atazunguka akilitafuta mpaka magharibi.