Simu moja, darasa zima: maswali yenu kuhusu kusoma kwenye skrini

SWALI: Shikamoo dada mhariri. Nafundisha darasa la tatu, watoto wengi vitabu vichache, kimoja wanagombania wanne. Shule ina projekta moja inayozunguka madarasani na mi nina simu yangu tu. Nasikia kuna hadithi za bure mtandaoni ila wenzangu wananitisha na hakimiliki, halafu kusema kweli sijui nikishaiweka hadithi ukutani nafanya nini zaidi ya watoto kuiangalia. Naomba muongozo.

JIBU: Marahaba mwalimu. Hakimiliki ipo na tuiheshimu, ile PDF ya kitabu cha kiada ambayo mtu kaiskani akairusha kwenye grupu la WhatsApp achana nayo. Ila kuna hadithi zimetolewa makusudi ili walimu wazitumie, zinakuwa na leseni ya Creative Commons, yaani mwenye kazi karuhusu watu waitumie bure kwa masharti aliyoweka. Nenda African Storybook, mradi wa Saide, shirika la elimu la Afrika Kusini, au StoryWeaver ya Pratham Books ya India iliyofunguliwa 2015, kote huko kuna hadithi za Kiswahili, unadaunlodi, unaprinti, na mara nyingi hata kuitafsiri kwa lugha wanayoongea watoto nyumbani ni ruksa mradi utaje mwandishi na mchoraji. We soma tu mstari wa leseni kwenye kila kitabu maana vingine vinakataza kuuzwa. StoryWeaver wamevipanga kwa ngazi 4 za ugumu, na ushauri wangu anza na ngazi ya chini kuliko unavyodhani, mtoto asiyekwama kila neno ndio anapata nafasi ya kufikiria kisa. Na vidaunlodi mapema, usiingie darasani ukitegemea intaneti.

Sasa ukutani. Faida ya projekta ni kwamba macho yote yako kwenye mstari mmoja na wewe ndo unayeamua wanaona nini. Onyesha jalada peke yake, waache wabashiri, tena wabishane. Soma kwa sauti huku fimbo inafuata maneno, halafu wote, halafu safu kwa safu, halafu mmoja mmoja. Funika nusu ya chini ya ukurasa uwaulize kinachofuata ni nini na wamejuaje. Kurasa nne zilizosomwa hivi zinatosha kipindi kizima, usikimbilie kumaliza kitabu.

Ila angalia mtego huu, hadithi wakiisikia mara mbili tu wameshaikariri, wanaiimba huku macho yako dirishani na mkaguzi akipita anasema hongera. Kuwajua ni rahisi, chomoa sentensi ya katikati uiandike ubaoni peke yake, badilisha jina la mhusika, uone nani anasoma nani anaimba. Na mtego wa pili ni wa Kiswahili chenyewe, silabi zetu zinatamkwa kama zilivyoandikwa kwa hiyo mtoto akishazishika anaweza kukutiririshia ukurasa mzima na asielewe kitu. Nenda kwenye vitenzi virefu. Chukua "aliyemkimbiza", paka rangi "ye" na "m" kwenye skrini, uliza nani kakimbia na nani alikuwa nyuma. Hapo utashangaa wangapi wananyamaza, na hapo ndipo somo la ufahamu linapoanza.

SWALI: Mwanangu ana miaka sita, ana programu ya hadithi kwenye tableti, kitabu kinajisoma chenyewe, ukigusa ng'ombe analia. Anaipenda sana lakini nikimpa kitabu cha karatasi anakitupa. Niifute?

JIBU: Usiifute mama, ila jua kwamba muda mwingi hapo anayesoma ni tableti. Mwaka 2021 watafiti Furenes, Kucirkova na Bus waliunganisha tafiti 39 za watoto wadogo, wakakuta kitabu kikiwa kilekile tu kimehamishiwa kwenye skrini, watoto wanakielewa zaidi cha karatasi. Lakini vikorombwezo vikiwa vinamrudisha mtoto kwenye kisa, mfano kumuuliza kwa nini mhusika kakasirika, skrini inashinda. Kamusi ya kubonyeza nayo iliongeza msamiati ila kwenye kuelewa hadithi haikusaidia. Kwa hiyo ng'ombe anayelia kila akiguswa ndo wa kumzima. Mara ya kwanza msikilize pamoja, mara ya pili zima sauti asome yeye, halafu tableti ikiwa imefungwa akusimulie.

Kama anapenda nyimbo mwekee zenye maneno ya Kiswahili yanayopita chini ya skrini, lugha ileile anayoisikia. Huko India Brij Kothari analipigania wazo hilo tangu miaka ya 1990 kwa nyimbo za filamu kwenye televisheni, watu waimbe huku wanasoma.

SWALI: Mimi ni mwalimu wa sekondari. Nikiwapa kazi ya kutafuta habari mtandaoni wanakopi jibu la kwanza, siku hizi wanaikabidhi akili bandia kabisa. Nipige marufuku?

JIBU: Marufuku wataifuata darasani tu mwalimu. Kuna tovuti ya utani ya tangu 1998 kuhusu pweza anayeishi juu ya miti, Donald Leu na wenzake wa Chuo Kikuu cha Connecticut waliwapa wanafunzi waikague na karibu wote wakaiamini. Walikuwa wanajua kusoma vizuri tu! Shida ni kwamba walibaki ndani ya ukurasa uleule. Sam Wineburg na Sarah McGrew wa Stanford waliwalinganisha wahakiki wa habari na wanahistoria wenye shahada za juu, wahakiki wakawa wepesi na sahihi zaidi kwa sababu walitoka kwenye tovuti haraka, wakafungua tabo nyingine kuuliza hawa ni nani na wengine wanasemaje. Fundisha hilo. Wape tovuti moja, dakika tano, sharti wasisome zaidi ya aya mbili kabla ya kutoka nje kuulizia.

Makala ndefu za maarifa kama unaweza ziprinti, uchambuzi wa Delgado na wenzake wa 2018 uliojumlisha tafiti 54 ulionyesha karatasi inaeleweka zaidi, hasa muda ukiwa mfupi. Kwenye hadithi uchambuzi huo haukuona tofauti hiyo.

Kuhusu akili bandia, iingize darasani mchana kweupe. Iambie ifupishe makala waliyosoma wenyewe, bandika muhtasari huo ukutani, kila kundi litafute kitu kimoja ilichokiacha na kimoja ilichoongeza ambacho hakimo, na waonyeshe mstari wenyewe kwenye makala. Asiyeisoma ataumbuka hapohapo.