Jibu: Uchafu ukeni haukomi hata baada ya dawa

Pole dada. Umesema umemaliza dozi mbili, uchafu na maumivu chini ya kitovu bado vipo, na ARV (dawa za HIV) hukosi. Usikubali dozi ya tatu ya kubahatisha. Mimi ni mshauri rika hapa Eastlands, Nairobi, na huwa nauliza kwanza: ulipimwa, au ulitibiwa kwa dalili tu? Kuna bakteria aitwaye Mycoplasma genitalium. Hana ukuta wa seli, kwa hiyo sindano ya seftriaksoni, antibiotiki inayoshambulia ukuta huo, haimgusi, na kwenye hadubini haonekani. Omba kipimo cha PCR, kinachotafuta vinasaba vya bakteria huyo. Ukiwa unakonda, unatoka jasho usiku au hedhi imekatika, taja TB: hutoka mapafuni ikaingia mirija ya uzazi. Ikithibitishwa, wakumbushe kama ARV zako zina dolutegraviri, maana rifampisini, dawa ya TB, huipunguza nguvu. Ukipata homa kali, nenda hospitali leo hii.