Mabaka kwenye nyanya za ndoo, Mbeya

Dada, umeuliza kama nyanya zako za ndoo zina njaa ya mbolea, uziongezee yurea. Mabaka ya kahawia yanayoonekana kama yamelowa, na utando mweupe chini ya jani asubuhi, hiyo si njaa ya mbolea. Ni ugonjwa uitwao bakajani chelewa, na kwa mvua na baridi ya Mbeya inaweza kumaliza ndoo zako zote ndani ya siku chache. Hiyo mbolea ya yurea acha kabisa, inakuongezea majani mororo tu.

Miche iliyoshambuliwa sana ng'oa leo, uifukie mbali. Usiitupe kwenye mboji! Inayobaki isogeze chini ya upenu, upande unaopata jua la asubuhi, majani yasinyeshewe. Maji mwagilia kwenye udongo, asubuhi. Kata majani ya chini yanayogusa udongo, shina lifunge kwenye kijiti ili hewa ipite. Ila hiyo aina yako ya nyanya, Tanya, ni fupi, usiipogoe machipukizi yote, matunda yatapungua.

Na hivyo viazi mviringo vya jirani nyuma ya ukuta, muombe avikague. Ugonjwa ni huo huo, upepo unauleta kwako. Ndiyo maana udongo uliotoka kwenye shamba la viazi haufai kujazia ndoo.

Mwakani usipande Desemba. Sia Machi, hamisha miche mwishoni mwa Aprili mvua zikielekea kukatika. Juni na Julai zitaiva taratibu kwa sababu ya baridi, vumilia tu. Ukipiga picha ya chini ya jani, iweke hapa niione.