Swali la lugha: Shati la kitani la Kijapani limepakwa rangi au limetiwa rangi?

SWALI: Mimi ni mzaliwa wa Tanga, sasa niko Osaka. Nasaidia duka moja kuandika maelezo ya nguo kwa wateja wa Afrika Mashariki. Rangi za nguo hizo hutoka kwenye mimea, kwa njia za kale za Wajapani. Niliandika: "Mashati ya katani yaliyopakwa rangi ya majani." Ndugu zangu nyumbani walicheka, wakaniuliza kama nimeanza kuuza magunia ya kijani. Nimekosea wapi, na niandikeje?

JIBU: Dada, ndugu zako wamekuonea kidogo, ila hawakukosea. Tuanze na hilo gunia.

Katani na kitani ni ndugu wa tumbo moja, yote yametoka kwenye neno la Kiarabu linalotaja mmea wa kitani na nguo yake. Lakini ndugu hawa walishagawana mali. Leo katani ni nyuzi za mkonge, mmea ulioletwa pwani ya Tanganyika mwaka 1893, enzi za Wajerumani, na mtu wa Tanga hahitaji kuelezwa kwamba hizo ni za kamba, mazulia na magunia. Kitani ndicho kitambaa chepesi cha kuvaliwa wakati wa joto. Anayesoma Biblia ya Kiswahili amekutana nacho katika Luka 16, kwa yule tajiri aliyevaa "nguo za rangi ya zambarau na kitani safi". Kwa hiyo andika shati la kitani.

Ila kabla hujaandika, itazame lebo ya Kijapani vizuri. Neno lao asa ni pana kuliko kitani. Kwenye lebo linaweza kuwa kitani chenyewe au rami, mmea mwingine kabisa, wa ukoo wa mimea inayowasha ila wenyewe hauwashi. Nguo maarufu za Echigo, mkoani Niigata, ni za rami, na mtu akiziita kitani anakosea hata kama mteja hatajua. Kitani cha kweli ni mgeni Japani, kilianza kulimwa kwa wingi Hokkaido katika enzi ya Meiji, baada ya 1868. Zamani zaidi asa ilikuwa rami au nyuzi za mbangi. Ndiyo, mbangi huo huo, ambao kilimo chake kiliwekewa sheria kali Japani mwaka 1948. Hilo usiliandike kwenye lebo ya mzigo unaopita forodhani.

Sasa kitenzi. Tunapaka kitu kinachobaki juu: chokaa ukutani, mafuta mwilini, hina mkononi. Nguo ambayo rangi imeingia mpaka ndani ya uzi, hiyo imetiwa rangi. Wasusi wa mikeka hawasemi wamepaka ukindu rangi, husema wametia, kwa sababu wameupika ndani ya rangi yenyewe. Kwa nguo nyingi unazouza, kutia ndiyo sahihi. Lakini usikifute kupaka moja kwa moja. Wajapani wana maji ya tunda bichi la mpersimoni, kakishibu, yanayochachishwa kisha mara nyingi kupakwa kwa brashi juu ya kitambaa au karatasi, na jua ndilo linaloyafanya yawe kahawia. Hapo sema limepakwa bila wasiwasi.

Kwa nguo za buluu unaweza kuwa mahususi zaidi: zimechovywa. Rangi hiyo ni nili, neno ambalo wazee wa pwani wanalijua, na sioni sababu ya kulikimbia ukaandika "indigo". Angalia tu usiandike mnili. Mnili ni kichaka cha jamii ya kunde, na mmea wa Kijapani, ai, ni wa ukoo mwingine, japo chembe ya buluu ndani yake ni ileile. Huko Tokushima majani yake makavu hulundikwa, humwagiwa maji na kugeuzwageuzwa kwa siku zipatazo 100, na kitenzi chetu cha kazi hiyo kipo tayari: huvundikwa, kama ndizi. Kinachopatikana huitwa sukumo. Fundi hukitia kwenye mtungi mkubwa pamoja na maji ya majivu, pumba za ngano na chokaa, kikachacha mpaka povu la buluu linajaa juu. Povu hilo wanaliita ua la nili.

Nguo ikitumbukizwa humo hutoka na rangi ya kijani-manjano. Usishtuke. Ikigusana na hewa inageuka buluu mbele ya macho yako, kisha inarudishwa mtungini, inatolewa, inarudishwa tena. Kila mchovyo unaikoleza. Hiyo iliyochovywa mara moja au mbili tu Wajapani huiita kamenozoki, yaani iliyochungulia mtungi, na mimi ningeliacha jina hilo hivyo hivyo kwa Kiswahili: buluu iliyochungulia mtungi. Ile nzito inayokaribia weusi, kon, sema nili iliyokolea.

"Rangi ya majani" ndiyo iliyokuponza zaidi. Kwa Kiswahili rangi ya majani ni kijani, basi. Isitoshe, si majani peke yake yanayotumika. Zambarau ya kale ya Japani hutoka kwenye mizizi ya mmea uitwao murasaki, nyekundu ya akane nayo ni ya mizizi, na manjano ya kihada ni ya gome. Benibana, ua linalosifika Yamagata, ni la manjano, lakini mafundi huosha kwanza ile manjano kwa maji ndipo waitoe nyekundu iliyojificha kwa maji ya majivu. Andika rangi ya mimea.

Utashawishika kuandika "rangi ya asili". Mimi sipendi. Shati la rangi ya asili msomaji atadhani halijatiwa rangi kabisa, limeachwa lilivyofumwa. Na asili inabeba pia wadudu na matope, kama yale yenye chuma ya kisiwa cha Amami Oshima wanakotia hariri weusi.

Umesahau kuuliza kuhusu dawa ya kushikisha rangi, nami nakujibu kwa sababu itakufikia tu. Usibuni neno. Wanayotumia sana ni shabu, hii hii ya kusafishia maji, au majivu, au maji ya chuma. Nyasi za kariyasu zikiwekewa shabu hutoa manjano safi, zikiwekewa chuma zinafifia kuwa kijani cha zeituni. Na kwa kuwa kitani si rahisi kushika rangi kama hariri, baadhi ya mafundi hukiloweka kwanza kwenye maziwa ya soya. Nili haina taabu hiyo.

Mwisho, mteja wa kwetu atakuuliza neno moja kabla ya bei: inachuja? Tofautisha kuchuja, ambako rangi inatoka kwenye maji, na kupauka, ambako jua linaififisha. Nguo mpya ya nili huchuja kidogo na hata kuchafua ngozi. Sema hivyo wazi. Ningekuwa wewe ningeandika: "Shati la kitani, limetiwa nili ya Kijapani kwa kuchovywa. Siku za mwanzo litachuja. Lifue peke yake, lianike kivulini lisipauke."