Walinisifia mara mbili, na mara zote mbili nilikuwa naumwa

Fundi wangu wa nguo ana daftari nene lenye jalada la bluu, pembe zake zimeshaanza kulika. Vipimo vyangu vimo humo tangu 2015, maana kila baada ya miezi miwili mitatu kuna kicheni pati, sendofu au harusi ya kushonea sare, na fundi makini hakubali ukimwambia atumie vipimo vya zamani. Mwezi uliopita nilimwomba anifungulie kurasa zangu zote. Nikakaa kwenye benchi lake pale Tabata, cherehani inaunguruma pembeni, nikausoma mwili wangu wa miaka kumi kwa inchi.

2015: kiuno 30, hipsi 41. Novemba 2020: kiuno 39, hipsi 46. Juni 2021: kiuno 34, hipsi 42. Mwaka huu: kiuno 33, hipsi 42.

Hiyo mistari miwili ya katikati ndiyo iliyonikalisha niandike, kwa sababu hakuna vipindi viwili maishani mwangu nilivyosifiwa mwili kama hivyo, na hakuna vipindi nilivyokuwa na hali mbaya kama hivyo.

Nianze na wa kwanza. Mtoto wangu wa pili alizaliwa Desemba 2019. Mama alishuka kutoka Marangu na ndizi zake, na kwa miezi mitatu mzima nikapikiwa kama wazazi wa kwetu wanavyopikiwa: mtori wa nyama asubuhi, supu mchana, uji wenye siagi usiku, na kazi yangu ilikuwa kula, kunyonyesha na kulala. Sisemi neno baya juu ya desturi hiyo. Mwanamke aliyetoka kujifungua anahitaji kulishwa na kupumzishwa, na ningependa kila mzazi apate mama kama wangu. Tatizo ni kwamba mama aliporudi Marangu, mimi niliendelea kula chakula cha mzazi kwa miezi minane mingine, huku kazini nakaa kwenye kiti kutwa nzima.

Nikafika kilo 88. Nina urefu wa mita 1.63. Kila nilikopita niliambiwa nimenawiri. Kanisani, kwenye vikoba, ukweni, wote walisema ndoa imenikubali, mume anajua kutunza. Mama mkwe alinishika mkono mbele ya wageni akaupapasa kwa furaha. Nami nilifurahi, kwa nini nisifurahi? Lakini kupanda ngazi hadi ghorofa ya tatu ofisini nilikuwa nasimama mara mbili nikijifanya natafuta kitu kwenye pochi. Kisogo kiliniuma kila asubuhi. Usiku nilikoroma mpaka mtoto anashtuka.

Januari 2021 nilimpeleka mtoto kliniki, na nesi mmoja, kwa huruma yake tu, akaniambia, "Mama, njoo na wewe nikupime." Presha ilikuwa 158 kwa 102. Nikaambiwa nirudi siku nyingine mbili, maana presha haihukumiwi kwa kipimo kimoja, na siku zote mbili ilikuwa juu ya 140 kwa 90, ambao ndio mpaka. Sukari kabla ya kula ilikuwa 6.4. Ikifika 7.0 inaitwa kisukari. Nilikuwa na miaka 34.

Daktari alinianzishia kidonge cha presha, akaniambia nipunguze uzito taratibu. Hilo la taratibu sikulisikia. Nilitoka pale na hofu ya kuacha watoto, na mwenye hofu hununua chochote. Kuna dada alikuwa akituuzia ofisini chai ya kupunguza tumbo, nikanunua maboksi manne. Asubuhi chai, mchana matango na yai, usiku chai tena, na mkanda wa kubana tumbo kutwa nzima. Kwa wiki kumi nikashusha kilo 11.

Ndipo sifa za awamu ya pili zikaanza, safari hii kutoka kwa wasichana wa ofisini na mashoga zangu wa rika langu. Shepu imerudi. Nyama uzembe zote zimekwisha. Kwenye kicheni pati ya Juni watu watatu walinivuta pembeni kuniuliza siri. Hakuna aliyejua kwamba miezi miwili sikuwa nimeziona siku zangu, kwamba nywele za kwenye paji zilikuwa zinabaki kwenye kitana, na kwamba miguu ilikuwa inakaza usiku mpaka nalia. Wiki moja baada ya sherehe ile nilianguka ndani ya daladala, tukiwa tunakaribia Buguruni. Nakumbuka mkono wa mama mmoja ukinipepea kwa kitenge na sauti ikisema, "Mpeni maji, ana njaa huyu." Yule mama aliniona kwa dakika mbili tu, akajua.

Daktari aliniomba nimletee boksi la chai. Akanionyesha kwa kidole: sena. Ni majani ya kuharisha, hutumika hospitalini kwa mtu aliyefunga choo, kwa siku chache. Ukiyanywa kila siku unapoteza maji na madini ya potasiamu ambayo misuli na moyo vinayategemea. Mafuta ya tumboni hayaguswi. Kilo nyingi nilizokuwa nashangilia zilikuwa maji na misuli yangu mwenyewe. Dada unayesoma hapa ukiwa na boksi kama hilo kabatini, tafadhali lipeleke kwa mfamasia alisome.

Katika kipindi hicho hicho mama mkwe alimwita mume wangu chemba akamuuliza ninaumwa nini. Nilichukia sana. Leo simlaumu. Kizazi chake kiliona mambo. Wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983, na pale watu waliuita ugonjwa huo Juliana, wakati ng'ambo ya mpaka Uganda waliuita Slim, yaani ugonjwa wa kukonda. Kwa karibu miaka ishirini, kabla dawa hazijawafikia wengi, mtu kupungua ghafla kulimaanisha majirani waanze kuhesabu siku. Dada yake mwenyewe alikwenda hivyo. Kwa hiyo mama wa umri wake akikuambia "umekonda mwanangu, una nini?" ujue kuna kaburi nyuma ya swali hilo. Mjibu kwa upole, umweleze presha yako ilikuwa ngapi na sasa ni ngapi. Mimi nilipomweleza hivyo, alinyamaza kidogo, kisha akauliza na yeye apimwe wapi.

Lakini hofu hiyo hiyo ya kukonda, ikichanganyika na picha za kwenye simu zilizochezewa, ndiyo inayowapeleka wadogo zetu kwenye vidonge vya kunenepa na mafuta ya kukuza makalio, hayo wanayoyaita mchina. Hapa nitasimama kidogo kwa sababu nina binti. Vidonge vingi vinavyouzwa kwa kuhesabiwa mkononi, bila boksi, ni mchanganyiko wa dawa mbili za kawaida: saiproheptadini, ambayo ni dawa ya aleji inayoongeza hamu ya kula na usingizi, na deksamethasoni, ambayo ni steroidi nzito. Hiyo ya pili hujaza uso na kurundika mafuta tumboni na shingoni, hupandisha presha na sukari, na ukiitumia kwa muda mrefu mwili huacha kutengeneza homoni yake. Ukiikatisha ghafla unaweza kuzimia, hata kufa. Mtu aliyekwisha kuitumia miezi mingi asiache peke yake kwa ujasiri, aende kwa daktari amshushie dozi kidogo kidogo.

Sasa, kuhusu umbo lenyewe. Nimesoma na kuuliza sana, na nina maoni yangu: wazee wetu hawakukosea kuhusu nyonga. Mafuta yanayokaa kwenye hipsi na mapaja hayana madhara kama yale yanayojificha ndani ya tumbo, yakizunguka ini na utumbo. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linamwangalia mwanamke kiunoni: ukizidi sentimita 80, hatari ya kisukari na magonjwa ya moyo inaanza kupanda, ukizidi 88 imepanda sana. Kwa futi ya fundi hiyo ni kama inchi 31 na nusu, na 35 kasoro kidogo. Ile 39 yangu ya 2020 ilikuwa sentimita 99. Hakuna aliyeiona chini ya dera. Na sikuwa peke yangu: utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015–16 ulikuta kati ya kila wanawake 100 wa Tanzania wenye miaka 15 hadi 49, 28 wamezidi uzito unaofaa.

Ukijipima, usipime mahali unapofungia sketi. Tafuta mfupa wa mwisho wa mbavu na ncha ya juu ya nyonga, pita katikati yake, toa pumzi kawaida, usivute tumbo.

Nilichofanya baada ya Buguruni ni kidogo kidogo mno, na kimenichukua miaka mitatu. Sikuacha ugali. Niliacha kumimina mafuta kutoka kwenye dumu nikaanza kupima kwa kijiko, nikaacha soda, na chipsi za usiku zikawa za mwisho wa mwezi. Maharage, dagaa na mboga za majani zikajaza nafasi. Nashuka vituo viwili kabla ya ofisi natembea kwa haraka, mwendo ambao unaweza kuongea lakini kuimba huwezi, mpaka zifike dakika 150 kwa wiki. Jumamosi alfajiri naenda Daraja la Tanzanite, lile lililofunguliwa 2022, nalipita kwenda na kurudi baharini upepo ukinipiga.

Na ninanyanyua vitu vizito mara mbili kwa wiki. Nyumbani, kwa ndoo mbili za lita kumi, maana lita moja ya maji ni kilo moja na hakuna haja ya kulipa mtu. Nachuchumaa nazo, nasimama nazo, natembea nazo uani. Wanawake wengi wananiambia wanaogopa kuwa na misuli ya kiume. Hatuna homoni ya kutosha kwa hilo, dada zangu. Tunachopata ni mifupa migumu, na tukifika ukomo wa hedhi, mifupa ndiyo inayoanza kutukimbia. Nikimtazama Magdalena Shauri, aliyeshika nafasi ya tatu Berlin Marathon mwaka 2023 kwa saa 2:18:41, nafikiria ni mara ngapi mtaani msichana mwenye mwili kama wake huambiwa ale ashibe.

Mimi sijawa mwembamba. Nina kilo 76, na ukigawanya uzito wangu kwa urefu wangu, kisha jibu ukaligawanya tena kwa urefu huo huo, unapata 28.6, jedwali linasema bado nimezidi. Kiuno changu bado kipo juu ya 80. Lakini presha ni 124 kwa 80 na kidonge changu nakimeza kila usiku, sukari 5.3, siku zangu zinakuja kwa tarehe, na ghorofa ya tatu nafika nikiongea na simu. Siku hizi hakuna anayenisifia mwili. Hata kulaumiwa silaumiwi.

Siku ile ya daftari nilikuwa nimemleta binti yangu, ana miaka 13, apimwe kwa mara ya kwanza kwa sare ya harusi ya mjomba wake. Mteja mmoja aliyekuwa akisubiri akamtazama kuanzia juu hadi chini, akasema huyu hipsi zinachelewa. Binti akavuta tisheti yake chini. Nikamwambia yule mama kwa heshima zote kwamba mtoto huyu wiki iliyopita amekimbia mita mia nane shuleni akashika nafasi ya pili. Fundi akavua miwani, akafungua ukurasa mpya, akaandika jina lake juu.

"Dada, gauni nimwachie nafasi?"

"Mwachie," nikasema. "Na begani pia."