Fedha za gugumaji: unganeni mialo kwanza, andiko lije baadaye

Mkuu, umeuliza kikundi chenu cha mwaloni, pale mitumbwi inapotia nanga, kiombe wapi fedha za kuondoa gugumaji, mmea unaoelea na kufunika maji, na kama kuna ulazima wa kuungana na mialo ya jirani. Mimi ni mvuvi wa Ziwa Victoria upande wa Mwanza na nimekaa miaka kadhaa kwenye kamati ya BMU yetu (kikundi cha wavuvi cha kusimamia uvuvi mwaloni), nakujibu kwa niliyoyaona.

Naanza na la pili maana ndilo linaloamua la kwanza. Upepo ukigeuka usiku, gugu la jirani linaamkia kwenu. Mwalo wetu uliwahi kupata hela ya kusafisha peke yetu. Tukavuta kwa kamba, reki na mapanga mpaka maji yakaonekana, huku wenzetu wa ng'ambo ya ghuba hawana hata gambuti. Masika ilipofika mitumbwi ilikuwa imezingirwa tena na hela imekwisha. Mbegu za gugu hili hukaa hai kwenye tope hata miaka 20, na Mto Kagera unaleta mengine kutoka juu. Hela ya kusafisha mara moja, hata iwe nyingi vipi, ni ya msimu mmoja.

Mwaka 1994 Tanzania, Kenya na Uganda zilisaini makubaliano yaliyozaa LVEMP, mradi wa mazingira wa Ziwa Victoria, kwa fedha za Benki ya Dunia na GEF (Mfuko wa Mazingira Duniani). Gugu lilipungua sana mwishoni mwa miaka ya 1990, na pamoja na hali ya hewa ya El Niño, kazi kubwa ilifanywa na fukusi wa Neochetina, mdudu anayekula gugu hili, asili yake Amerika Kusini kama gugu lenyewe. Ni mdogo kuliko punje ya mchele. Ukiona jani lina vidonda vidogo vya kahawia, pasua bua lake: utakuta funza ametoboa njia ndani, maji yanaingia, mmea unaoza na kuzama. Lakini fukusi anataka mtu wa kumfuga kwenye matangi, kumbadilishia mimea na kumwachia ziwani tena na tena. Upande wa Kisumu, Ghuba ya Winam, gugu lilirudi kwa nguvu kuanzia 2006. (Kama lenu ni salvinia, lile la majani madogo yenye vinyweleo, fukusi huyu halili. Lina mdudu wake, na kuingiza mdudu nchini ni kazi ya serikali.)

Sasa fedha. Fedha za Benki ya Dunia hupitia serikalini, msipoteze muda kuwaandikia. Kikundi kilichosajiliwa kiangalie Programu ya Ruzuku Ndogo ya GEF inayosimamiwa na UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa. Wanataka mchango wenu pia, na nguvu kazi huhesabiwa, kwa hiyo anzeni leo daftari: tarehe, jina, saa za kazi, sahihi. Daftari letu lililolowa na kukauka ndilo lililotubeba kuliko maneno yote ya andiko la kuomba fedha.

Mkopo wa halmashauri wa vikundi vya wanawake, vijana na wenye ulemavu, ule unaotokana na asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, msiutumie kusafisha maji. Ni mkopo, unarudishwa, na maji safi hayaleti marejesho. Wakopeshwe akina mama wanaotengeneza mikoba na mbolea kwa gugu, ila biashara hiyo isije ikawafanya watamani gugu libaki.

Kinachodumu ni mfuko wa ghuba nzima. Kila mtumbwi utoe kidogo kila mwezi, wenye vizimba vya kufugia samaki watoe zaidi, na mamlaka ya maji iombwe kwa barua, maana gugu linaziba chanzo chao pia. Akaunti iwe na watia saini watatu kutoka mialo mitatu tofauti. Mkishawishiwa kununua mashine ya kuvunia gugu, ulizeni kwanza dizeli, fundi na vipuri vitalipwa na nani mwaka wa tatu. Mimi ningeweka hela hiyo kwenye matangi ya fukusi na posho ya vijana wawili wa kuzunguka ghuba kila wiki, wang'oe machipukizi yangali machache.

Hao wenyeviti wa mialo waiteni kabla hamjaandika mstari wowote. Wakikutana, nitumie PM, nitakupa nakala ya kanuni za mfuko wetu mzirekebishe.