Kilo Zako na Mlima wa Saranda: Ushauri kwa Mwendesha Baiskeli Mwenye Umbo Kubwa

Kijana mmoja tunayefanya naye mazoezi hapa Dodoma, mwenye umri wa miaka 19, urefu wa sentimita 186 na uzito wa kilo 81, aliniambia mwezi uliopita kwamba ameacha kula ugali wa usiku. Mtu anayemheshimu alimwambia kuwa kwa umbo lile hatapanda mlima hata siku moja, na kwamba akitaka mbio za barabarani sharti kwanza afike kilo 65. Nilimsikiliza kwa uchungu, kwa sababu njia hiyo niliipita mwenyewe miaka sita iliyopita na ilinigharimu msimu mzima. Haya ninayoyaandika ndiyo niliyomweleza siku ile, pamoja na hesabu ambazo hazifanyiki watu wakiwa juu ya baiskeli.

Ni kweli kwamba mtu mwepesi ana nafasi nzuri zaidi mlimani, wala sioni faida ya kulificha jambo hilo. Anayelijua kuliko sisi sote ni ndugu yetu anayesafirisha mkaa kwa baiskeli kuja mjini. Kwenye tambarare, gunia likishashika mwendo, anakanyaga pedali kwa utulivu na kuitikia salamu za watu, lakini akifika kwenye mwinuko, hata mdogo, anashuka na kusukuma kwa mikono. Gunia ni lile lile, ila kazi imebadilika. Kwenye tambarare anayekula nguvu zako ni upepo, na upepo unakudai kwa kadiri ya ukubwa wa kifua na mabega unayouelekezea. Mlimani kila kilo, iwe ya mwili, ya fremu au ya maji yaliyo kwenye chupa, lazima iinuliwe mita baada ya mita, na hakuna namna ya kuikwepa.

Kwa sababu hiyo, wanaoufahamu mchezo huu hawataji nguvu ya mtu peke yake. Huigawa kwa uzito wake na kusema ana wati ngapi kwa kila kilo. Wapandaji bora wa mbio kubwa huweza kushikilia wati 6 hivi kwa kila kilo kwa zaidi ya nusu saa. Kwa mtu wa kilo 60 hizo ni wati 360, na mtu wa kilo 80 anayetaka kwenda naye bega kwa bega anahitaji takriban wati 480. Mwili mkubwa una moyo mkubwa, mapafu makubwa na misuli mingi, lakini uwezo wake wa kutumia oksijeni hauongezeki sawasawa na uzito wake, na pengo hilo ndilo linalompa nafasi mtu mdogo. Nairo Quintana wa Kolombia, mwenye sentimita 167 na kilo 58 hivi, alishinda Giro d'Italia, mbio za wiki tatu za Italia, mwaka 2014. Marco Pantani wa Italia, mwenye sentimita 172 na kilo 57, alishinda Giro na Tour de France, mbio kama hizo za Ufaransa, katika mwaka mmoja, 1998, ingawa enzi yake ilichafuliwa na dawa za kuongeza chembe za damu, kwa hiyo nyakati zake za kupanda milima mimi sizitumii kumpimia mtu yeyote.

Hata huyo mdogo, hata hivyo, ana mzigo wake ambao watu husahau kuuhesabu. Kanuni za shirikisho la kimataifa la baiskeli, UCI, haziruhusu baiskeli ya mashindano kuwa chini ya kilo 6.8, iwe ya mtu mkubwa au mdogo. Kwa Quintana baiskeli hiyo ni karibu asilimia 12 ya uzito wa mwili wake, wakati kwa mtu wa kilo 80 ni asilimia 8.5 tu. Aidha, mlima ukiisha na barabara ikalala, upepo wa mbele humsumbua mdogo kuliko mkubwa, kwa kuwa eneo la mwili linalopigwa na upepo haliongezeki kwa kadiri nguvu ya misuli inavyoongezeka. Anayeendesha Dodoma mwezi wa Julai na Agosti, upepo unapokuja na vumbi lake, hahitaji kufafanuliwa jambo hili.

Sasa tuwatazame wakubwa. Miguel Indurain wa Hispania alikuwa na sentimita 188 na kilo zipatazo 80, na alishinda Tour de France mara tano mfululizo, kuanzia 1991 hadi 1995. Mara nyingi hakuwa akiwaacha wapandaji wadogo kwenye milima ya Alps na Pyrenees; alikuwa akiwachosha kwa mwendo usiobadilika, akipoteza kidogo au asipoteze kabisa, kisha akichukua dakika zake kwenye mbio za kupambana na saa, ambako kila mmoja huendesha peke yake na kupimwa muda. Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi, ana sentimita 186 na alishinda Tour mara nne kati ya 2013 na 2017. Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Wout van Aert wa Ubelgiji, mwenye sentimita 190 na kilo 78 hivi, ambaye Julai 2021 alishinda hatua ya Tour, yaani mbio za siku moja ndani yake, iliyopanda mlima mrefu wa Mont Ventoux mara mbili kwa siku moja, na kabla mbio hizo hazijaisha akashinda pia hatua ya kupambana na saa na ile ya mwisho ya kukimbilia mstari mjini Paris. Na katika mashindano ya dunia yaliyofanyika Kigali Septemba 2025, kwenye vilima vinavyorudiwa hadi miguu inakataa, aliyeshinda ni Tadej Pogačar, ambaye ana kilo 66 hivi, mzito kuliko wapandaji wengi anaowashinda.

Nieleze yaliyonipata mimi. Nilikuwa na umri wa miaka 38, sentimita 183 na kilo 84. Tulikuwa na desturi, na bado tunayo, ya kupakia baiskeli kwenye gari hadi Bahi, kisha kuendesha kuelekea Manyoni na kuupanda mlima wa Saranda. Pale nina kipande changu cha kujipimia. Mwaka ule nilikipanda kwa dakika 14 na sekunde 50, na kifaa nilichoazima cha kupima nguvu kwenye pedali kilionyesha wastani wa wati 250. Niliposoma kuhusu wapandaji wa kilo 57, nikaona tatizo langu liko kwenye sahani. Nikabaki na mlo mmoja kwa siku, asubuhi chai ya rangi, jioni mlenda na tonge mbili za ugali wa mtama, na mazoezi sikuyapunguza.

Kilo nne au tano za mwanzo zilinifurahisha, kwa kuwa zilikuwa mafuta kweli na nilijisikia mwepesi. Zilizofuata sikujua zinatoka wapi. Usingizi ulikatika, nikawa nahisi baridi hata mchana, mafua yakanipata mara tatu ndani ya miezi miwili, na mapigo ya moyo yakawa hayapandi hata nikijikaza. Nilipofika kilo 72, baada ya miezi minne, nilikwenda Saranda nikiamini nitavunja rekodi yangu. Nikapanda kwa dakika 15 na sekunde 50. Kifaa kilionyesha wati 205. Vipimo vya damu nilivyofanyiwa baada ya hapo vilionyesha nina upungufu wa damu.

Hesabu yake ni rahisi na inauma. Mimi, baiskeli na maji tulikuwa kilo 96, tukashuka hadi 84, lakini wati 45 zilizopotea zilibeba faida yote ya kilo 12 na kuchukua zaidi. Ilinichukua mwaka mzima kurudi. Nilianza kula milo mitatu, nikapanda hadi kilo 77 na kutulia hapo bila kujilazimisha, na mazoezi ya mlima nikayapanga upya. Kipande kile kile nikakimaliza kwa dakika 13 na sekunde 25, kwa wati 255. Tangu hapo nimeweka akilini vipimo viwili: katika kipande hicho, kilo moja iliyopungua bila kugusa misuli inanipa sekunde 9 hivi, na wati 10 zilizoongezeka zinanipa nusu dakika. Mtu mwenye kitambi cha kweli anayo sababu ya kukipunguza, tena taratibu, nusu kilo kwa wiki au chini ya hapo, na nje ya msimu wa mashindano. Mtu ambaye tayari ni mkavu kama kijana wetu atafute wati.

Wati zinatafutwa hata hapa ambako hatuna milima mirefu. Vilima vya kuelekea Chuo Kikuu cha Dodoma vinatosha ukivipanda mara sita au nane kwa juhudi ya dakika nne hadi tano, ukishuka polepole kati ya mpando na mpando. Ule upepo wa Agosti unaolaaniwa na kila mtu ni mlima usio na kilele: uelekee kwa dakika 20 bila kujificha nyuma ya mwenzako, na miguu haitajua tofauti. Mara mbili kwa wiki yatosha. Siku hizo usiende na njaa. Kwenye safari ndefu kula gramu 30 hadi 60 za wanga kwa saa, ambazo kwetu ni ndizi mbili, au kiganja kimoja au viwili vya zabibu kavu, na sisi wa Dodoma hatuna kisingizio cha kuzikosa.

Mlimani penyewe, mtu mkubwa asiige namna ya mdogo. Mdogo husimama juu ya pedali na kurukaruka; kwangu mimi kila ninaposimama mapigo ya moyo hupanda na kasi haiongezeki, kwa hiyo hukaa kwenye kiti na kusimama pale tu mgongo unapodai. Badilisha gia ya nyuma uweke kubwa yenye meno 32 au 34, ili miguu izunguke mara 75 hadi 85 kwa dakika badala ya kusaga, na usimwonee haya anayesema gia hiyo ni ya wazee. Ukijua kundi litakuacha, anza mlima ukiwa mbele kabisa, uachie nafasi moja moja kwa mwendo wako mwenyewe, na kilele kikifika uwe bado unaona mgongo wa mtu wa mwisho. Kwenye tambarare inayofuata utawapata.

Neno langu zito zaidi ni kwa wanaowafundisha vijana. Mwili usiopewa chakula kinacholingana na kazi yake huanza kuzima shughuli zake wenyewe, na mwaka 2014 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliipa hali hiyo jina na kuitolea tahadhari rasmi. Kwa msichana dalili mojawapo kubwa ni kukosa hedhi, na kwa wote mifupa hudhoofika, huku baiskeli yenyewe ikiwa haiiimarishi mifupa kama kukimbia kunavyofanya. Tafadhali msimpime kijana uzito mbele ya wenzake, na msimtajie kilo za kufikia mtoto ambaye bado anakua. Binti akikwambia hedhi imekatika, mpeleke kwa daktari wiki hiyo hiyo, wala usiichukulie kuwa ishara kwamba mazoezi yamekolea.

Kijana wetu amerudia ugali wake. Tumemfungia gia ya meno 34, na tumeandika muda wake wa kwanza wa Saranda: dakika 16 na sekunde 10, akiwa na kilo 81. Tutampima tena baada ya wiki nane, kwenye kipande kile kile, saa 12 asubuhi kabla upepo haujaamka, na mizani tutaiacha nyumbani.